Raleigh ya Babu: Rangi Iachwe au Ing'olewe?

FUNDI: Mimi nazungumzia chuma kwanza, rangi baadaye. Baiskeli hii ya Raleigh imeota kutu kwenye viungo vya fremu. Kijani kimevimba malengelenge kwenye paipu ya chini, na kwenye uma wa mbele ukipitisha kucha tu kinabanduka. Tuko Tanga. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haimsubiri mtu amalize kutafakari. Dawa ni moja: tung'oe kila kitu hadi chuma kibaki kitupu, tupige praima, kisha nyeusi mikono miwili, mistari ya dhahabu, tumalizie na vanishi. Irudi kama ilivyotoka kiwandani Nottingham, Uingereza.

MKUSANYAJI: Tulikuwa pamoja mpaka hapo mwisho, mzee wangu. Kama ilivyotoka kiwandani haiwezi kurudi, kwa sababu kiwanda chenyewe hakipo. Fremu za Raleigh za miaka ya 1950 zilitiwa kwanza dawa ya fosfati ili rangi ishike na kutu isitambae. Ndipo zikapakwa enameli na kuokwa kwenye tanuri. Nottingham waliacha kutengeneza fremu mwaka 1999, na 2002 wakaacha hata kuziunganisha baiskeli. Sehemu ya eneo lao leo ni chuo kikuu. Wewe karakanani una rangi ya gari na mashine ya kupulizia. Nyeusi utaipata, ila nyeusi ile huipati. Bahati nzuri bado ipo, imelala chini ya hicho kijani. Tukiondoe kijani taratibu, tukifika kwenye nyeusi tusimame.

FUNDI: Kumbe na wewe unang'oa! Tofauti yetu ni kwamba mimi naimaliza safari, wewe unataka kushukia njiani.

MKUSANYAJI: Nashuka pale ambapo mbele yake hakuna kurudi. Enameli iliyookwa ni ngumu sana. Kijani hiki ni rangi ya mafuta, kimepakwa kwa brashi na kukauka kwa hewa. Ukipitisha pamba yenye thina kidogo, kipande kwa kipande, cha juu kinalainika kabla cha chini hakijadhurika. Ni kazi ya wiki kadhaa, sikatai. Lakini ukipeleka fremu kwenye mchanga wa kupuliza, umemaliza enameli, umemaliza fosfati, umemaliza nembo kama ingalipo, na namba iliyogongwa kwenye chuma nayo umeila nusu. Puti na praima nene zitakula nusu iliyobaki.

FUNDI: Wewe unamdhania mema aliyepaka kijani. Mimi namjua, kwa sababu ningefanya kama yeye. Hakuna fundi anayepaka rangi juu ya enameli inayong'aa bila kuikwaruza kwanza, la sivyo haishiki. Kwa hiyo chini ya kijani usitegemee kukuta nyeusi ya Nottingham. Utakuta nyeusi iliyopigwa msasa, yenye mikwaruzo kila upande, mistari ya dhahabu imefutika na nembo imechanika. Utafanya kazi ya wiki kadhaa ufike kwenye kitu ambacho mwenzetu alishakiharibu zamani. Halafu hebu niambie, hiki kitu ni adimu kwa lipi? Miaka ile Raleigh walikuwa wakitoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

MKUSANYAJI: Kwa sababu hiyo hiyo zimekwisha. Kitu kilicho kila mahali hakuna anayekitunza. Baiskeli ambayo Eddy Merckx aliweka nayo rekodi ya saa moja kule Mexico mwaka 1972 ipo Brussels, ndani ya kioo, kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina lake. Kule Italia, katika kanisa dogo la Madonna del Ghisallo, baiskeli za akina Coppi na Bartali zimetundikwa kwenye kuta. Hakuna atakayethubutu kuzipulizia rangi. Sasa za kubebea mkaa, maji na wagonjwa zimetunzwa wapi? Zilipakwa, zikapakwa tena, zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Nionyeshe moja hapa mjini yenye rangi yake ya kwanza.

FUNDI: Unanitajia baiskeli za mabingwa, tena zimefungiwa mahali pakavu, hazikanyagwi. Hii imetengenezwa ibebe mtu. Nyumba ya makuti kila baada ya miaka michache unavua makuti yaliyooza na kuezeka mapya, na bado ni nyumba ya fulani, hakuna anayesema imekuwa nyumba nyingine. Rangi ni makuti. Imewekwa ili iliwe na jua na mvua badala ya chuma. Ikishaliwa, inabadilishwa.

MKUSANYAJI: Nakubali makuti. Lakini nyumba hiyo hiyo ikiwa na mlango wa kuchonga, kama milango ya Mji Mkongwe, Unguja, hutaung'oa mlango pamoja na makuti kwa kuwa vyote viwili vinazuia mvua. Kuna sehemu ya nyumba inayobadilishwa na kuna sehemu inayosema nyumba ilikuwa ya nani. Baiskeli nayo ni hivyo. Tairi, cheni, mpira wa breki, waya, hata tandiko, badilisha upendavyo, sitasema neno. Rangi ya kiwanda iko upande wa mlango.

MRITHI: Wazee wangu, nimenyamaza makusudi. Mmebishana mahali pa kusimama, ila nyote wawili mnaanza kwa kuondoa kijani. Mmoja anakiita malengelenge, mwingine anakiona kama kifuniko cha kitu anachokitamani. Hakuna aliyeuliza nani alikipaka na kwa nini.

Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Baiskeli aliinunua nyeusi. Kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma pameandikwa Sturmey-Archer AW, na namba 56 na 8, yaani Agosti 1956. Desemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, aliipeleka kwa fundi mmoja huko Ngamiani. Fremu ikapakwa kijani. Madigadi akaagiza yaachwe meusi. Kati ya kijani na nyeusi ikapita mistari ya njano. Kijani, nyeusi, njano. Tarehe 9 alishuka mjini juu ya bendera ya Tanganyika yenye magurudumu mawili. Sasa niambieni tena kuhusu rangi ya kwanza.

FUNDI: Binti yangu, hili ungelisema mapema.

MRITHI: Nilitaka kwanza nisikie thamani ya rangi mnaipima kwa kitu gani.

MKUSANYAJI: Basi nami nijibu bila kukimbia. Kijani hicho kina uzito, tena mkubwa. Lakini usiniambie uzito wake unafuta wa kile kilicho chini. Tunaweza kufanya wanavyofanya wahifadhi wa michoro ya kale: unafungua kidirisha kidogo mahali pasipoonekana, chini kabisa pale pedali zinapopita, sentimita mbili kwa mbili, uone nyeusi ikoje. Ikiwa nzima, ndipo tuamue.

MRITHI: Tuamue nini, kaka? Nyeusi unayoitafuta iko wazi kwenye madigadi. Mstari wa dhahabu upo. Hata kile kipande cheupe nyuma ya digadi la nyuma, ambacho sheria za Uingereza zilidai ili mwendesha baiskeli aonekane usiku, kipo mpaka leo, na babu alikitumia kwenye barabara ya vumbi isiyokuwa na gari usiku. Nottingham imehifadhiwa tayari, na aliyeihifadhi ni babu. Ninachokuuliza ni hiki: mkono wa mfanyakazi wa kiwandani unauita wa thamani, na mkono wa fundi wa Ngamiani unauita uchafu wa kutolewa kwa pamba. Kwa nini?

MKUSANYAJI: Si kwa sababu mmoja ni Mwingereza. Nina sababu mbili. Kwanza, rangi ya kiwanda ndiyo iliyoshikana na chuma. Fosfati na enameli ni kazi moja, na ndiyo iliyolinda fremu mpaka kijani kikapata mahali pa kukaa. Pili, nisipoweka mpaka, sina namna ya kumkatalia mtu yeyote. Ukisema kila tabaka ni historia, kesho mpwa wako ataipulizia rangi ya klabu yake ya mpira, keshokutwa utaniambia hiyo nayo ni historia. Kanuni inayokubali kila tabaka haiwezi kulinda hata moja.

FUNDI: Hapo bwana umenifungulia mlango mwenyewe. Kama kijani cha 1961 ni historia, basi na changu ni historia. Naacha habari ya nyeusi. Nang'oa yote, napiga kijani kile kile, nalinganisha rangi hapa hapa chini ya tandiko ambapo jua halijafika. Mistari ya njano naichora upya. Madigadi nayasafisha tu. Uhuru unarudi barabarani ukiwa unang'aa. Nani atasema nimemkosea babu?

MRITHI: Kusema kweli, mzee, ndugu zangu wanataka hivyo hivyo. Wanasema babu alikuwa mtu wa kujipenda, asingependa watu waone baiskeli yake inabanduka.

MKUSANYAJI: Pengine asingependa. Lakini tazameni mstari wa njano hapa, unapokaribia kiungo cha nyuma. Umepinda. Brashi iliishiwa rangi, akaichovya tena, akaanzia kando kidogo. Ukipiga upya utapata mstari ulionyooka. Utakuwa mzuri kuliko huu, na utakuwa picha ya tukio. Huu uliopinda ni tukio lenyewe. Watu wa magari ya kale walichelewa kulijua hili. Kwa miaka mingi waliyang'arisha kupita yalivyokuwa siku yalipotoka kiwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata maonyesho ya Pebble Beach, Marekani, yakaweka daraja la magari ambayo hayajakarabatiwa, kwa sababu waligundua yamebaki machache mno.

FUNDI: Sikiliza unachosema. Mkono wa fundi wa 1961 uliopinda ni tukio. Mkono wangu ulionyooka ni picha. Yeye alikuwa nani? Fundi kama mimi, kachukua brashi, kachukua rangi ya mafuta, labda ya milango, kapokea hela yake, kaenda kula. Ungekuwepo siku ile ungemfokea vile vile: unaharibu Raleigh nzima ya watu! Leo amekufa, umempandisha cheo. Mimi kosa langu ni kuwa hai.

MKUSANYAJI: Hapana, fundi. Tofauti si uhai. Yeye aliongeza, wewe unaondoa. Alipaka juu, na nyeusi ikabaki chini mpaka leo tunaijadili. Wewe unataka kufika kwenye chuma. Weka rangi yako juu ya yake bila kuigusa, nami kelele zangu zitapungua sana.

FUNDI: Ungekuwa umewahi kushika brashi ungejua hilo haliwezekani. Rangi mpya haishiki juu ya rangi inayobanduka. Itang'oka nayo, tena kwa mabamba. Lazima nipige msasa, lazima nifike mahali pagumu. Unataka nipake juu ya malengelenge, mteja arudi baada ya masika moja aseme fundi fulani hajui kazi? Jina langu ndilo duka langu.

MKUSANYAJI: Basi tuzungumzie huo msasa. Rangi za kijani na njano za miaka ile mara nyingi zilipata rangi yake kutokana na kromati ya risasi. Risasi hiyo ikikaa kwenye fremu haina shida kubwa. Ukiigeuza vumbi unaivuta puani, inakaa kwenye nguo, unaipeleka nyumbani kwa watoto. Kwa watoto wadogo risasi inadhuru ubongo hata ikiwa kidogo. Kabla ya kuuliza babu angependa nini, tuulize karakana yako ina watoto wangapi wanaocheza pembeni.

FUNDI: Napiga msasa wa maji, vumbi haliruki. Na maji yale simwagi mtaroni, nafuta kwa matambara. Lakini hoja yako ina makali pande mbili. Ikiwa hiki kijani kina risasi na kinabanduka kwa kucha, binti atambeba mwanawe kwenye karia akiwa ameshika nini? Fremu inayobanduka risasi. Wewe unasema iachwe. Mimi nasema kama ina sumu, itoke, itoke mara moja, kwa uangalifu.

MRITHI: Hapo nataka jibu lililonyooka, kaka, maana mtoto ninaye.

MKUSANYAJI: Kuacha sikumaanisha kutelekeza. Kuna kazi ya kufanya. Kwanza maji na sabuni laini, kitambaa, bila brashi ya waya. Grisi ya miaka unaitoa kwa mafuta ya taa, kwa uchache. Kutu iliyo wazi unaisugua kwa mafuta mepesi na karatasi ya aluminiamu iliyokunjwa, kwenye kutu tu, bila kugusa rangi. Malengelenge unayashikisha: wahifadhi hutumia resini ya akriliki inayoyeyuka kwa asetoni, Paraloid B-72, unaipitisha kwa brashi nyembamba chini ya kingo za rangi, inanyonywa, rangi inalala. Uzuri wake ni kwamba anayekuja baadaye akitaka kuitoa, anaitoa. Mwisho nta, tabaka mbili, unang'arisha. Mtoto atashika nta.

FUNDI: Hiyo Paraloid inauzwa duka gani hapa Tanga?

MKUSANYAJI: Haiuzwi hapa. Inaagizwa.

FUNDI: Nilijua. Na nta ikiisha?

MKUSANYAJI: Inapakwa tena. Ikinyeshewa, inafutwa siku hiyo hiyo.

MRITHI: Na nani? Mnaongea kana kwamba baiskeli itajifuta. Babu alikuwa na kitambaa chake na chupa ya mafuta, na alikuwa na jioni zake. Mimi nafika nyumbani usiku. Kuhifadhi rangi maana yake ni kuhifadhi na ule muda wa babu, na huo sikurithi. Tena na yeye hakutegemea kitambaa peke yake. Paipu ya juu aliizungushia vipande vya nailoni, kama watu wengi walivyofanya ili goti na mizigo isikwaruze. Nilipoivua mwaka jana, nusu ya kijani chini yake kilikuwa kibichi kama kimepakwa jana. Nusu nyingine ilikuwa kutu tupu, pale maji yalipoingia yakakosa pa kutokea.

FUNDI: Umeona! Alichofunika kwa mapenzi ndicho kilichooza. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nta nayo ni nailoni nyingine, inang'aa juu wakati chini panaliwa.

MKUSANYAJI: Wewe umeona nusu iliyooza, mimi naona nusu iliyopona. Bila nailoni kijani kile kibichi kisingekuwepo, na usingekuwa na mahali pa kulinganishia rangi yako mpya. Na nta haifanani na nailoni: haifungi maji ndani, imegandana na rangi. Lakini sibishi kwamba inadai mkono wa mtu kila mara.

FUNDI: Sasa niwapeleke ndani, maana nyote mnacheza nje. Kutu ninayoiogopa haionekani. Maji huingia juu, pale tandiko linapoingia kwenye paipu, yanashuka ndani mpaka chini kwenye gololi za pedali, yanakaa. Fremu inaweza kuwa nzuri nje na ndani imebaki kama karatasi. Siku moja binti anapanda kilima, mtoto nyuma, paipu inakatika. Hapo rangi ya uhuru itamsaidia nini? Na nikikuta imekatika lazima nichomelee. Viungo hivi vimeunganishwa kwa brasi, nitarudisha kwa brasi, chuma kiwe chekundu kwa moto. Rangi yote ya jirani itaungua, iwe ya Nottingham au ya Ngamiani.

MKUSANYAJI: Uhai wa mtu unatangulia, hilo sina ubishi nalo. Palipooza patengenezwe. Ninachokataa ni kutumia kiraka cha sentimita kumi kama kibali cha kung'oa mita tatu. Chomelea pale, paka pale kwa rangi iliyokaribiana, na usijaribu kumdanganya mtu kwamba hapakuguswa. Sehemu iliyotengenezwa ionekane imetengenezwa.

FUNDI: Kiraka? Kwenye kazi yangu? Mtu apite na baiskeli ya rangi mbili aulizwe imefanywa wapi, ataje jina langu?

MKUSANYAJI: Ataje, kwa fahari. Atasema fundi huyu aligusa palipovunjika akaacha palipo pazima. Na uandike kwenye karatasi tarehe, ulichokuta na ulichofanya, upige picha kabla na baada. Mali bila daftari hupotea bila habari. Yule wa 1961 hakuandika, ndiyo maana leo tunamtafuta kwa pamba na thina.

MRITHI: Kaka, nikuulize swali ambalo huenda si la adabu. Nikiamua sitaki shida ya nta, nikakuuzia, itakwenda wapi?

MKUSANYAJI: Kwangu. Ndani, mahali pakavu. Nitaitundika.

MRITHI: Ukutani.

MKUSANYAJI: Ukutani, ndiyo. Na kila atakayeingia nitamweleza ya Agosti 1956 na ya Desemba 1961. Kijani sitakigusa, baada ya yote uliyosema. Ikibaki barabarani, baada ya masika kumi hakuna rangi ya mtu yeyote itakayobaki, na wa kuelezwa hatakuwa na cha kutazama.

FUNDI: Na mimi nikiipaka, itapita Barabara ya Kumi na Mbili kila asubuhi, itabeba mtoto shule, watu wataiona. Babu hakuipaka bendera ili wageni waitazame sebuleni. Aliipaka ipite.

MRITHI: Kila mmoja wenu ananiambia nusu. Kwa kaka rangi inabaki na baiskeli inakufa. Kwa mzee baiskeli inaishi na rangi inakufa. Nami nimetoka kwa mtu aliyefanya vyote viwili: aliipaka na akaiendesha, akafunika na akafuta.

MKUSANYAJI: Na akaifikisha kwako ikiwa hivi. Hayo mapengo ya rangi ndiyo bei ya kuendesha.

FUNDI: Ilimfikia kwa sababu ilipoanza kuchakaa, yaani 1961, ilipakwa! Mnalisahau hilo. Kama fundi wa Ngamiani angekuwa na mawazo ya bwana huyu, angesema enameli ya Nottingham isiguswe, na leo msingekuwa na kijani cha kugombania.

MKUSANYAJI: Ilikuwa na miaka mitano tu, fundi, haikuwa imechakaa. Aliipaka kwa sababu nchi ilikuwa imebadilika. Wewe unataka kuipaka kwa sababu imezeeka. Nipe sababu yenye ukubwa ule, na mimi nitakushikia ngazi.

FUNDI: Mtoto wa binti kukaa salama kwenye karia haina ukubwa?

MKUSANYAJI: Ina ukubwa kwa chuma. Kwa rangi bado hujanipa.

MRITHI: Basi sikilizeni ninachoweza, msinipe nisichoweza. Siwezi kufuta kila jioni. Naweza kila Ijumaa. Siwezi kuagiza dawa za wahifadhi. Naweza kununua nta. Sitaitundika ukutani, na sitakubali mchanga wa kupuliza uguse fremu. Ndugu zangu nitawaeleza mimi.

FUNDI: Umeshaamua, basi unaniitia nini?

MRITHI: Sijaamua, mzee. Nimesema ninachoweza. Kuhusu uma wa mbele unaobanduka na paipu ya kiti ambayo hakuna aliyeona ndani yake, sijui.

FUNDI: Lete Jumamosi. Nitatoa tandiko, nitatoa pedali na gololi zake, tumulike ndani kwa tochi, nichokoe kwa bisibisi. Nikikuta chuma kizima, nitamsikiliza bwana huyu, nitapaka nta kwa mikono yangu na jina langu litavumilia. Nikikuta unga, mtanisikiliza mimi, na kijani kitang'oka.

MKUSANYAJI: Na ukikuta nusu chuma, nusu unga, ambavyo ndivyo utakavyokuta?